Kitundu Katika Pazia: Namna ya Kuziba Mwangaza Unaovuja Ndani ya Kamera za Zamani



Tangu ule mkutano wetu wa Barking Park, Agosti 2019, wengi wenu mmeniuliza yaliyozisibu picha za marehemu shangazi. Wengine mmeuliza kwa upole, na wengine mmeuliza kwa jicho tu, na jicho la jamaa huuma kuliko neno. Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniambia niandike jambo lolote lenye faida kwa wakubwa na wadogo. Basi nimeona nilipe deni hili la jawabu, na pamoja na jawabu nieleze kazi niliyojifunza kwa sababu ya mkasa huo. Natumai itawafaa wengi, kwani karibu kila nyumba miongoni mwetu ina kamera ya marehemu fulani, imelala kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi, na hapana anayethubutu kuitupa wala kuitumia.

Siku yenyewe ilivyokuwa

Marehemu shangazi alikuwa hapendi kupigwa picha kwa simu. Alikuwa akisema kwamba picha ya simu haishikiki mkononi, na ukitaka kuitazama lazima kwanza umbembeleze mjukuu. Siku ile alikubali kwa sharti moja: nimpige kwa kamera ya ndugu yake, yaani marehemu ami yangu. Ami alikwenda Urusi kusoma mwaka 1965, akarudi Unguja mwaka 1970 na vitu vitatu: shahada yake, koti zito lisilokuwa na kazi kwetu, na kamera ya Zorki-4. Koti lililiwa na nondo. Kamera nilirithi mimi, nikaja nayo mpaka hapa Barking.

Nilitia filamu ya picha 36, nyeusi na nyeupe. Tukala, watoto wakacheza kando ya ziwa, wazee wakakaa mikekani. Baada ya chakula mabinti wakamvisha shangazi kanga mpya na kumtengeza ushungi, na kazi hiyo ikachukua muda wake. Mimi nikangoja na kamera kifuani. Alipokuwa tayari nikampiga picha tatu.

Wiki mbili baadaye picha zikarudi kutoka dukani. Picha 11 za mwanzo zilikuwa safi. Kuanzia ya 12 mpaka ya 36 kila picha ilikuwa na doa jeupe mahali pale pale: juu, kulia kidogo ya katikati. Katika baadhi ya picha doa lilikuwa hafifu kama moshi. Katika nyingine lilikuwa jeupe pe, ukubwa wa punje ya mbaazi. Picha ya 22, ambamo shangazi ametazama kamera sawasawa kama alivyokuwa akitazama watu, doa lilikuwa juu ya uso wake.

Nilikasirika. Nikaenda katika duka lililosafisha filamu, nikamwambia kijana wa pale maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia kijana. Yeye akanijibu kwa adabu kwamba niitazame vizuri negetivu yangu kabla ya kumlaumu mtu. Sikuitazama. Nikatia picha zote katika bahasha, bahasha nikaitia katika droo. Februari 2020 shangazi akafariki, Mungu amrehemu. Mwezi uliofuata nchi nzima ikafungiwa majumbani kwa sababu ya korona, na hapo ndipo nilipopata nafasi ya kufungua droo na kutazama negetivu.

Shata ni nini?

Kabla sijasema nilichokiona, yafaa nieleze namna kamera ya aina hii inavyofanya kazi, maana asiyejua mlango ulipo hawezi kujua mwizi kapitia wapi.

Baina ya lenzi na filamu pana kizuizi kinachoitwa shata. Katika Zorki, shata ni mapazia mawili ya kitambaa cheusi kilichopakwa mpira, kitambaa chembamba sana, kila pazia limezungushwa katika kigogo chake mfano wa mkeka uliokunjwa. Unapozungusha kifundo cha juu ili filamu iende mbele, mapazia yote mawili huvutwa pamoja upande mmoja, ncha zao zimelaliana ili mwangaza usipite. Hiyo ndiyo kukoki kamera, kama bunduki inavyokokiwa. Unapobonyeza kifyatuo, pazia la kwanza hukimbia na kufungua dirisha. Pazia la pili hulifuata na kulifunga. Ukichagua kasi kubwa, pazia la pili hulifuata la kwanza karibu karibu, hata baina yao ukabaki upenyo mwembamba tu unaopita juu ya filamu.

Jambo la kushika ni hili: kamera ikiwa imekokiwa, filamu inalindwa na pazia la kwanza. Kamera ikiwa imeshafyatuliwa na haijakokiwa tena, filamu inalindwa na pazia la pili. Mnaosoma bado skulini, kariri hilo, tutalihitaji mbele.

Ufundi huu wa mapazia mnauona pia katika Leica, kamera aliyoibuni Oskar Barnack katika kiwanda cha Leitz, mji wa Wetzlar, Ujerumani, ikaanza kuuzwa mwaka 1925. Warusi waliinakili. Nakala yao mashuhuri ya mwanzo, FED, ilianza kutengenezwa mwaka 1934 mjini Kharkiv, Ukraini, katika makao ya vijana yatima na wasiokuwa na kwao, ambayo mkuu wake alikuwa Anton Makarenko, mwalimu mwenzangu aliyesifika kwa vitabu vyake vya malezi. Zorki ilifuata mwaka 1948 katika kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, na hii Zorki-4 ilitengenezwa baina ya 1956 na 1973. Kwa hivyo kamera ya ami yangu ni mjukuu wa kamera ya Kijerumani, na ukoo wake umepitia mikononi mwa mayatima. Nilipoyajua hayo niliiheshimu zaidi.

Kuisoma negetivu

Negetivu niliilaza juu ya kioo cha dirisha, nikachukua kioo cha kukuzia. Katika negetivu mambo yamegeuka: palipopata mwangaza mwingi pamekuwa peusi. Kila fremu kuanzia ya 12 ilikuwa na doa jeusi. Nikatazama kingo za filamu, pale penye matundu ya meno. Safi kabisa. Hii ni dalili ya kwanza, na ni kubwa. Mwangaza ukiingia kwa nyuma, kwa mlango wa kamera usiofunga sawasawa, humwagika ovyo, hupita mpaka wa picha na kuchafua kingo na matundu ya meno. Mwangaza ukipitia katika shata hukaa ndani ya fremu ya milimita 24 kwa 36 wala hautoki nje yake. Na duka la kusafisha likikosea, kosa halichagui mahali pamoja katika picha 25 mfululizo. Basi kijana wa duka alikuwa hana hatia. Mwizi alipita mlango wa mbele.

Dalili ya pili ilikuwa uzito wa madoa. Doa la fremu ya 12 lilikuwa jeusi kuliko yote. La 22 lilifuata. Madoa ya 23 na 24 yalikuwa hafifu, na hizo nilizipiga haraka haraka baada ya 22. Nikakaa kitako kufikiri. Mimi nina mazoea ya kukoki kamera mara tu nimalizapo kupiga, ili iwe tayari. Kwa hivyo kila fremu huingojea zamu yake nyuma ya pazia la kwanza. Ikingoja kidogo, doa ni hafifu. Ikingoja sana, doa ni zito. Na fremu ya 22 ndiyo iliyongoja wakati shangazi akivishwa kanga, kamera iko kifuani pangu, lenzi iko wazi.

Ikabaki fremu ya 12. Ilingoja wapi? Hapo nikakumbuka, na nilipokumbuka niliona haya peke yangu chumbani. Wakati wa chakula niliiegemeza kamera kwenye kikapu cha sambusa, lenzi imetazama juu upande wa jua, haina kifuniko, kwa muda wa kuliwa chakula chote. Nyote mmewahi kuona mtoto akiunguza karatasi kwa kioo cha kukuzia. Lenzi ni kioo kama kile, na nyuma yake hapana karatasi bali pazia la kitambaa na mpira. Kamera za siku za nyuma kidogo ambazo mnachungulia kwa kupitia lenzi zina kioo ndani kinacholikinga pazia wakati wa mapumziko. Zorki haina kioo hicho. Jua lilikusanywa likawa nukta ndogo, nukta ikaunguza kitundu.

Ndiyo jawabu lenu hilo. Si kamera ya ami, si duka, wala si filamu. Ni mimi na kikapu cha sambusa.

Kukitafuta kitundu

Nilipokuwa mtoto Unguja, katika miaka ya 1970, alikuwako fundi saa mmoja Darajani aliyekuwa akitengeza kamera pia. Tukitoka chuoni alasiri tulikuwa tukisimama mlangoni kwake kumtazama. Alikuwa akifunga dirisha, akawasha tochi ndani ya kamera iliyofunguliwa, kisha akainamisha uso kimya kama mtu anayesikiliza. Hatukujua anatafuta nini. Nimekuja kujua baada ya miaka hamsini.

Fanyeni hivi. Toeni filamu. Fungueni mgongo wa kamera. Katika Zorki-4 mgongo wote hutoka ukizungusha funguo mbili zilizo chini. Fungueni lenzi, ambayo imekazwa kwa hesi. Ingieni katika chumba chenye giza, ngojeni dakika chache macho yazoee. Mulikeni tochi ndogo kwa mbele, palipokuwa na lenzi, na mtazame kwa nyuma. Kwanza kamera ikiwa haijakokiwa, mtaliona pazia la pili. Kisha ikokini, mtaliona la kwanza. Pazia zima litakuwa jeusi kabisa. Lenye kitundu litaonyesha nyota. Ikiwa nyota ni nyingi, kama mbingu ya shamba, basi mpira wa kitambaa umezeeka na kupasuka pasuka, na hiyo si kazi ya nyumbani. Mapazia yanahitaji kubadilishwa na fundi hasa. Nyota moja au mbili tunaziweza.

Kumbukeni pia kwamba lenzi hupindua kila kitu: juu huwa chini na kulia huwa kushoto. Doa langu lilikuwa juu upande wa kulia katika picha. Kwa hivyo nilitafuta chini upande wa kushoto, nikitazama kwa nyuma, na ndipo ilipokuwa nyota yangu, moja tu, ndogo kama ncha ya sindano, katika pazia la kwanza. Hesabu ilipotoka sawa nilifurahi kama mwanafunzi, ijapokuwa mkosaji alikuwa ni mimi.

Dawa mbaya na dawa nzuri

Sikuthubutu kujifunzia kazi juu ya kamera ya ami. Niliagiza kwa posta kamera nyingine ya Kirusi, mbovu, ya bei ya chakula cha mchana, nikaifanya ubao wa mazoezi. Makosa yangu yote niliyafanya humo, nami nayaeleza ili msiyarudie.

Kosa la kwanza: nilitumia rangi ya kucha nyeusi ya mjukuu wangu. Iliziba vizuri siku hiyo. Lakini rangi ya kucha hukauka ikawa ngumu kama ganda la yai, na pazia kazi yake ni kuzungushwa katika kigogo chembamba kila mara. Baada ya siku chache ganda lilivunjika na vipande vikadondoka ndani ya kamera.

Kosa la pili: nilipata rangi nzuri, rangi nyeusi ya kupakia vitambaa, inayobaki laini ikikauka, lakini nikaipaka nene, nikidhani kwamba nyingi ndiyo imara. Kisha sikuwa na subira, nikakoki kabla haijakauka ndani. Pazia lilijizungusha likagandana lenyewe kwa lenyewe, kama karatasi za msahafu wa zamani zilizoingia maji. Hata lingalikauka, unene wenyewe ni ila. Mapazia hukimbizwa na chemchemi zilizopimwa, na pazia likiongezwa uzito huchelewa, na likichelewa, upenyo baina ya mapazia hubadilika na picha huwa upande mmoja nyeupe na upande mmoja nyeusi.

Njia iliyo sawa ni ya kutumia kidogo na kungoja sana. Chukueni rangi nyeusi ya vitambaa, ile inayovutika ikikauka. Maduka ya vifaa vya ushoni huwa nayo. Chukueni brashi nyembamba kuliko zote ya kuchorea. Kokini kamera ikiwa kitundu kiko katika pazia la kwanza, au iacheni imefyatuliwa ikiwa kiko katika la pili, ili pazia lenye kitundu likae limenyooka mbele yenu. Futeni vumbi kwa pumzi ya mpira, si kwa mdomo, kwa sababu mdomo hutoa mate. Chovyeni ncha ya brashi, ifuteni karibu yote juu ya karatasi, halafu iguseni pazia juu ya kitundu tu. Msisugue, msisukume, kitambaa hicho ni chembamba. Wacheni ikauke usiku mzima, kamera ikiwa wazi na imefunikwa kwa bakuli ili vumbi lisiingie. Kesho yake mulikeni tena. Ikiwa nyota bado inaonekana, pakeni mara ya pili, vile vile, na mngoje usiku mwingine. Wako wanaonyunyiza poda juu yake isinate. Mimi sifanyi hivyo, kwani poda ni vumbi, na vumbi ndani ya kamera ni adui wa pili.

Kitundu cha pazia la kamera ya ami kilihitaji miguso miwili na siku mbili. Mikono yangu ilitetemeka kidogo, si kwa uzee bali kwa hofu.

Majaribio

Mwalimu hasadiki mpaka asahihishe mtihani. Baada ya kuziba nilitia filamu nikafanya majaribio mawili, moja kwa kila pazia.

La kwanza: nilikoki kamera, nikaielekeza dirishani kwenye mbingu nyeupe ya mawingu, si kwenye jua, lenzi ikiwa wazi, nikaiacha dakika kumi. Kisha nikafunika lenzi kwa kifuniko na kufyatua. Fremu hiyo haikupigwa picha yoyote, kwa hivyo ikiwa pazia la kwanza ni zima negetivu lazima itoke tupu. La pili: nilikoki tena, nikafyatua huku lenzi imefunikwa, sikukoki, nikaondoa kifuniko na kuiacha dakika kumi nyingine mbele ya mbingu ile ile. Kisha nikafunika na kuzungusha filamu. Hilo huonyesha hali ya pazia la pili. Mwisho nikapiga picha za ukuta mweupe kwa kila kasi, ili nione kama mwangaza umeenea sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Wenye Zorki wakumbuke: msibadilishe kasi kabla ya kukoki. Kokini kwanza, ndipo mchague, ama sivyo mtaharibu mashine ya ndani.

Filamu ilipotoka, fremu mbili za mwanzo zilikuwa tupu kama maji, na ukuta ulikuwa sawa.

Kamera nyingine mlizonazo

Si kila kamera ya kabatini ni kama Zorki. Zile zinazokunjuka, zenye mfuko mfano wa kinanda cha mkono baina ya lenzi na filamu, aghalabu huvuja katika pembe za mfuko huo, pale unapokunjwa kila siku. Ingizeni tochi ndani, zimeni taa, mtazame pembe. Rangi ile ile ya vitambaa huzifaa. Shata ya kamera hizo ni vibati vya chuma vilivyomo ndani ya lenzi. Havitoboki, lakini hunata kwa mafuta, na mafuta ni kazi ya fundi.

Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zina sponji nyeusi katika mfereji wa mlango wa nyuma. Sponji hiyo ikizeeka hugeuka kama lami ya kunata, na mwangaza hupita. Doa lake katika filamu ya rangi huwa jekundu au la chungwa, kwa sababu mwangaza unaipitia filamu kwa mgongo. Ondoeni sponji yote kwa kijiti na spiriti, mkiangalia makombo yasiangukie pazia, kisha mlaze uzi mweusi wa sufi katika mfereji ule. Uzi mmoja kutoka soko la Barking unatosha kamera za ukoo mzima.

Na kwa kamera zote, dawa ya kwanza haina gharama: kifuniko cha lenzi. Kivaeni kila mnapoitua kamera. Na kwa kamera ya mapazia, kokini pale tu mnapotaka kupiga. Lau ningalifanya mambo hayo mawili, leo nisingekuwa naandika makala haya.

Kwa nini tujisumbue?

Kijana mmoja wa kwetu aliniuliza faida ya kuhangaika na kamera ya zamani hali kila mtu ana simu. Ni swali la haki. Nilimjibu hivi. Sisi ni watu tuliohama, na wengi wetu wazee wao walitoka na mzigo mmoja. Katika mzigo ule picha hazikuwa nyingi. Tulizonazo, zile za harusi na za sikukuu zilizopigwa kwa Ranchhod Oza katika Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, au za Mombasa kwa Parekh, au za Lamu kwa Bakor, zimebaki kwa sababu zilikuwa karatasi mkononi, na kwa sababu negetivu ilikuwa kitu cha kushikika. Tangu mwaka 2010 mimi mwenyewe nimepoteza simu tatu, na kila moja imekwenda na picha zake.

Tena sisi tunaokaa Barking tuna ujirani na jambo hili. Pandeni basi la EL1 mwende Ilford, mwendo mfupi tu. Huko ndiko Alfred Harman alikoanza mwaka 1879 kutengeza vioo vya kupigia picha, na jina la mji likawa jina la filamu iliyojulikana dunia nzima, hata kwetu. Kiwanda kilihama Ilford mwaka 1976, na leo filamu hiyo hutengenezwa Mobberley, Cheshire. Boksi bado limeandikwa Ilford. Kila ninapolinunua nakumbuka kwamba nililiona jina hilo dukani Unguja miaka mingi kabla ya kujua kwamba ni mji, na kwamba nitakuja kukaa jirani yake.

Ama picha ya shangazi, yalikuwako mashauri. Mpwa wangu mmoja, hodari wa kompyuta, alitaka kuitengeza ile ya 22: achukue uso kutoka picha nyingine autie pale. Binti wa marehemu akakataa. Akasema hataki uso wa mama yake uliotiwa kiraka na mashine. Mimi sikusema neno, maana mwenye kosa hana kura. Yeye mwenyewe alichagua ya 24, ambayo shangazi amegeuza uso kidogo akiwacheka watoto waliokuwa wakigombania tikiti. Doa liko pale, juu ya bega, hafifu, ukitazama utaliona. Ndiyo hiyo mnayoiona katika ukurasa wa marehemu wetu.

Maduka yalipofunguliwa tena nilikwenda kwa yule kijana wa kusafisha filamu ili nimwombe radhi. Nilikuta duka limepata wenyewe wengine, na kijana hayupo, wala hapana aliyejua alikokwenda. Deni hilo limebaki. Ikiwa yuko miongoni mwenu mwenye mtoto anayefanya kazi dukani, mwambieni kwamba siku mzee akija kumfokea, huenda mzee huyo ana kikapu cha sambusa nyumbani kwake.

Katika mkutano ujao, mwenye kamera ya zamani na ailete. Nitakuja na tochi, brashi na rangi yangu, na vijana wawili ambao nimeshawafundisha watakuwa pamoja nami. Zorki ya ami itakuwapo pia, ina filamu ndani, na kifuniko chake nimekifunga kwa uzi kisipotee. Wazee ambao hawajapigwa picha ya kushikika mkononi watangulie mbele. Msiseme mwakani.

Wenu, mwalimu mstaafu,
Barking.